Kuchagua kichwa cha lori la trela: Mteremko ndio hakimu katika barabara za Meru na Embu

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayetumia barabara kuu ya Embu kuelekea Meru huvuka mito mingi inayoteremka kutoka Mlima Kenya, ikiwemo Ena, Thuci, Nithi na Mutonga. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko wa kuingilia na mwinuko wa kutokea.

Kwa mwenye gari dogo, mabonde hayo ni mandhari ya kupendeza. Kwa dereva aliyebeba tani 30 za saruji, kila bonde ni mtihani.

Mnamo Julai 24, 2022, basi la abiria lilitumbukia katika bonde la Mto Nithi, Kaunti ya Tharaka Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Lile lilikuwa basi wala si lori. Hata hivyo, mteremko ni ule ule, na trela iliyojaa mzigo huwa na uzito unaozidi ule wa basi mara tatu au zaidi.

Licha ya hayo, mfanyabiashara anayekwenda kununua lori la kuvuta trela kwa kawaida huuliza maswali mawili tu: injini ina nguvu kiasi gani na bei ni ngapi. Makala haya yanaeleza kwa nini maswali hayo hayatoshi, na kwa nini katika maeneo ya Meru na Embu swali la kwanza lapasa kuwa hili: lori hili litashukaje?

KICHWA, TRELA NA SAHANI

Lori linalozungumziwa hapa ni lile ambalo halina sehemu ya kubebea mzigo. Madereva huliita kichwa. Nyuma ya chumba cha dereva, juu ya fremu, limefungwa sahani nzito ya chuma yenye mwanya na kufuli. Trela nayo ina pini ya chuma chini ya sakafu yake, upande wa mbele. Kichwa kikirudi nyuma, pini huingia katika mwanya wa sahani na kufuli hujifunga.

Sahani hiyo ndiyo iitwayo gurudumu la tano. Jina hilo lilitokana na magari ya kukokotwa na farasi, ambayo juu ya ekseli ya mbele yalikuwa na duara lililolazwa mfano wa gurudumu ili ekseli iweze kugeuka. Gari lilikuwa na magurudumu manne, na duara hilo likahesabiwa kuwa la tano.

Jambo la kukumbuka ni kwamba sahani hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huivuta trela, na vilevile huubeba mzigo. Sehemu kubwa ya uzito wa trela huegemea juu ya kichwa, na kwa sababu hiyo kichwa kisichofaa hakiwezi kurekebishwa kwa kuongezewa injini tu.

ANZA NA MZIGO NA NJIA

Kabla ya kuzuru yadi yoyote ya magari, mnunuzi na aandike katika karatasi atabeba nini, kutoka wapi hadi wapi, na atarudi na nini.

Katika eneo hili shehena kubwa ni za aina chache. Zinazopanda kutoka Mombasa, Nairobi na Thika ni saruji, vyuma, mabati, mbolea, mafuta na bidhaa za madukani. Zinazoteremka ni majani chai kutoka viwanda vya wakulima wadogo vilivyo kandokando ya msitu wa Mlima Kenya na Nyambene, kahawa, ndizi, na viazi na nafaka kutoka Timau na Kibirichia.

Miraa ya Igembe na Tigania haimo katika orodha hii. Zao hilo hunyauka upesi na hupelekwa sokoni kwa magari madogo yaendayo kasi. Anayetaka kusafirisha miraa hana haja na trela.

Aidha, mwenye shehena isiyozidi tani 15 au anayelazimika kuingia mashambani kwa njia nyembamba za udongo atafaidika zaidi na lori la kawaida lisilounganishwa. Trela huhitaji nafasi ya kugeukia, na vituo vingi vya kununulia majani chai havina nafasi hiyo. Trela ni ya kuchukua mzigo kiwandani au ghalani, si shambani.

Njia nazo hazilingani. Ipo barabara ya Embu, Chuka na Nkubu, yenye mabonde mengi yanayofuatana. Ipo ya Nanyuki na Timau, inayopanda katika nyanda za juu zenye baridi na ukungu kabla ya kuteremka. Mji wa Nanyuki upo takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ilhali Isiolo upo karibu mita 1,100. Anayetoka nyanda za Timau kuelekea Isiolo hushuka zaidi ya mita 1,000 katika safari fupi.

Kutoka Isiolo, barabara ya lami huendelea kaskazini hadi Moyale katika mpaka wa Ethiopia. Huko ni tambarare, joto ni kali na karakana ziko mbalimbali. Kichwa kifaacho kwa Nithi kitafika Moyale, lakini kichwa kilichochaguliwa kwa ajili ya tambarare za Moyale si lazima kiwe salama Nithi. Ikiwa lori litatumia njia zote mbili, lichaguliwe kwa kufuata ile iliyo ngumu zaidi.

HESABU YA UZITO

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2013 ndiyo inayoweka kikomo cha uzito wa kila ekseli. Vipimo ambavyo kila mnunuzi anafaa kuvijua ni hivi:

- Ekseli ya mbele inayoongozwa na usukani: tani 8.
- Ekseli moja yenye tairi nne: tani 10.
- Ekseli mbili zinazofuatana, zenye tairi nane: tani 18.
- Ekseli tatu zinazofuatana, zenye tairi kumi na mbili: tani 24.
- Uzito wa jumla wa gari lolote: usizidi tani 56.

Kwa hivyo, kichwa chenye ekseli mbili tu kikivuta trela ya ekseli tatu, jumla halali ni 8 na 10 na 24, yaani tani 42. Kichwa chenye ekseli tatu kikivuta trela hiyo hiyo, jumla ni 8 na 18 na 24, yaani tani 50.

Katika tani hizo 50, kichwa chenyewe huwa na takriban tani 9 na trela tupu tani 7 au 8. Kinachobaki kwa mzigo ni kama tani 33. Muuzaji akimwambia mteja kwamba lori lake hubeba tani 40, anazungumzia uwezo wa chuma, si ruhusa ya sheria.

Tairi moja moja pana, zile ambazo zimechukua mahali pa tairi pacha katika trela nyingi, huruhusiwa uzito mdogo kuliko tairi pacha. Mnunuzi wa trela yenye tairi za aina hiyo na apunguze hesabu yake ya mzigo.

Mizani haiangalii jumla peke yake. Lori laweza kuwa na tani 49 na bado likazuiliwa kwa sababu ekseli moja imezidi. Kosa hilo mara nyingi husababishwa na mahali ilipofungwa sahani.

Tuchukue mfano. Kichwa cha tani 9 kina tani 5.5 mbele na 3.5 nyuma kikiwa tupu. Trela inakilalia kwa tani 17. Ili mbele pawe na tani 8 na nyuma 18, ni lazima tani 2.5 za mzigo huo ziegemee mbele na tani 14.5 ziegemee nyuma. Ikiwa umbali kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile mbili za nyuma ni mita 3.9, sahani yapaswa kuwa sentimita 57 hivi mbele ya kituo hicho cha nyuma.

Sahani ikifungwa juu kabisa ya ekseli za nyuma, mzigo wote utaangukia huko. Ekseli hizo zitakuwa na tani 20.5 na gari litakamatwa. Zaidi ya hayo, mbele patakuwa pepesi na usukani hautashika barabara vizuri panaponyesha. Vichwa ambavyo sahani yake husogezwa mbele na nyuma juu ya reli ni ghali kidogo, lakini vinamfaa mtu anayevuta trela za aina mbalimbali.

NGUVU YA KUPANDA

Sasa tuje kwenye injini. Tuseme lori la tani 50 linapanda mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za safari linapanda mita 6. Ili liende kilomita 30 kwa saa, magurudumu huhitaji kupata nguvu-farasi zipatazo 370. Kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea katika giaboksi na difu, injini yenyewe inafaa kuwa na nguvu-farasi 420 hivi.

Lori lenye injini ya nguvu-farasi 320 litaupanda mwinuko huo huo kwa kasi ya kilomita 23 kwa saa. Ikiwa mwinuko una urefu wa kilomita mbili, lori la kwanza litatumia dakika nne na la pili dakika tano na kidogo.

Tofauti ya nguvu-farasi 100, ambayo mnunuzi huilipia pesa nyingi, imemwokolea dakika moja na nukta chache katika kila mwinuko. Hilo si jambo la kudharau kwa mwenye safari nyingi, lakini wala si jambo la kufa na kupona.

Muhimu kuliko idadi ya nguvu-farasi ni uwiano wa gia. Difu iliyotengenezwa kwa barabara kuu za Ulaya, ambako lori hukimbia kwa kasi moja kwa saa nyingi, huifanya injini ihangaike kuanza safari juu ya mwinuko na huichosha klachi. Kwa milima hii, difu yenye mzunguko mfupi ni bora. Kasi inayopotea haina faida yoyote, kwani sheria ya Kenya haimruhusu mwenye lori zito kuzidi kilomita 80 kwa saa.

NGUVU YA KUSHUKA

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Lori lile lile la tani 50 likiteremka mteremko ule ule wa asilimia 6 kwa kilomita 30 kwa saa, kani ya mvutano wa dunia hulisukuma kwa nguvu ipatayo kilowati 217 baada ya kuondoa ukinzani wa tairi. Hizo ni nguvu-farasi zinazokaribia 295.

Nguvu hiyo yote haina budi kugeuzwa kuwa joto mahali fulani, bila kukoma, hadi mwisho wa mteremko. Dereva akienda kwa kilomita 60 kwa saa, joto linalopaswa kuondolewa kila sekunde huongezeka maradufu.

Breki za magurudumu zinaweza kulisimamisha lori mara moja au mara kadhaa. Haziwezi kulizuia kwa dakika nyingi mfululizo. Ngoma za breki hupata moto na kutanuka, vitambaa vyake hupoteza mshiko, na dereva hukanyaga pedali bila lori kupungua mwendo. Kufikia hapo gia ya chini haiingii tena kwa kuwa mwendo umeshazidi. Hiyo ndiyo hali ambayo mashahidi huieleza kwa maneno mafupi kwamba breki zilikatika, ilhali mara nyingi hakuna kilichokatika. Zimechemka.

Kwa sababu hiyo, lori la milimani lahitaji njia ya pili ya kujizuia isiyotegemea ngoma za breki. Ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni breki ya eksozi, ambayo huziba njia ya moshi ili injini ipate taabu kuzunguka. Ni rahisi na hupatikana katika malori mengi, lakini nguvu yake ni ndogo. Kwa tani 50, pekee haitoshi.

Ya pili ni breki ya injini inayotumia valvu. Hii huifanya injini ikandamize hewa kisha iiachilie bila kupata nguvu yoyote. Huzuia kwa nguvu zaidi sana kuliko ile ya kwanza, hasa injini ikizunguka kwa kasi katika gia ya chini.

Ya tatu ni ritada, chombo kinachofungwa kwenye giaboksi au shafti na kutumia mafuta au maji kuzuia mzunguko. Ritada nzuri huweza kuondoa kilowati 400 na zaidi. Ina kasoro mbili. Joto lake hupelekwa kwenye rejeta, kwa hivyo rejeta mbovu huiua. Na huzuia magurudumu ya kichwa peke yake, si ya trela. Barabara ikiwa na utelezi, trela yaweza kukisukuma kichwa kutoka nyuma na kukipinda ubavuni. Panaponyesha, itumike kwa kiasi.

Ushauri wetu ni kwamba mnunuzi mwenye pesa za kuchagua kimoja kati ya injini kubwa zaidi na breki bora zaidi achague breki. Injini ndogo itamchelewesha. Breki ndogo zinaweza kummaliza yeye na watu asiowajua.

Trela pia isisahauliwe. Ina ekseli tatu na karibu nusu ya uzito wote, na breki zake zikiwa mbovu, kichwa hubeba kazi isiyo yake. Wako wenye malori ambao hununua kichwa cha mamilioni kisha wakakiunganisha na trela kuukuu ambayo mipira yake ya hewa inavuja. Hapo ubora wa kichwa hausaidii kitu.

GURUDUMU GANI LISUKUME?

Vichwa vya ekseli tatu hupatikana kwa mitindo miwili mikuu. Katika mtindo wa 6x4, ekseli zote mbili za nyuma husukumwa na injini. Katika mtindo wa 6x2, ni moja tu inayosukumwa. Nyingine hubeba uzito tu, na mara nyingi huweza kuinuliwa lori likiwa tupu.

Vichwa vingi vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Uingereza, ambako pia usukani uko upande wa kulia, ni vya mtindo wa 6x2. Ni vyepesi, hutumia dizeli kidogo na tairi hudumu. Kwa anayekaa katika lami kutoka Mombasa hadi Embu, vinaweza kumfaa.

Matata huanza lami inapoisha. Udongo mwekundu wa Meru na Embu ukinyeshewa huteleza kama sabuni, na njia ya kuingia kiwandani mara nyingi ni mwinuko. Magurudumu mawili pacha hayatoshi kusukuma tani 50 mahali hapo. Kichwa cha 6x4 hugawa nguvu kwa ekseli mbili na huwa na kufuli la difu. Uzito wake wa ziada, yamkini tani moja, hupunguza mzigo kwa kiasi hicho hicho.

Kanuni ni rahisi. Ikiwa hata kituo kimoja cha kupakia au kupakua kipo nje ya lami, chukua 6x4. Ikiwa vyote vimo lamini, linganisha bei na matumizi ya mafuta.

SAHANI NA PINI

Pini za trela zina vipimo viwili: ya inchi 2 na ya inchi 3.5. Trela nyingi za kawaida hutumia ile ya inchi 2. Sahani na pini ni lazima zilingane. Fundi anayejitolea kufanya zioane kwa kuchomelea vipande vya chuma akataliwe bila aibu.

Sahani yenyewe huwa na kibati chenye tarakimu mbili. Moja ni mzigo unaoruhusiwa kuilalia, kwa tani. Nyingine ni thamani D, inayopimwa kwa kilonyutoni, ambayo ni kipimo cha nguvu ya kuvuta ambayo sahani inaweza kuistahimili.

Thamani D inayohitajika hupatikana hivi: zidisha 0.6 kwa uzito wa juu wa kichwa pamoja na mzigo unaokilalia, kisha kwa uzito wote wa trela. Gawanya kwa uzito wa jumla wa lori na trela. Halafu zidisha kwa 9.81. Kwa mfano wetu, kichwa ni tani 26, trela ni tani 41 na jumla ni tani 50. Jibu ni takriban 125. Sahani nyingi za pini ya inchi 2 zimetengenezwa kwa thamani ya 152 na mzigo wa tani 20, hivyo zinatosha, mradi hazijachakaa.

Uchakavu hutambuliwa kwa urahisi. Unganisha trela, funga breki zake, kisha dereva asogeze kichwa mbele na nyuma polepole. Ukisikia mgongano na kuona pini ikicheza ndani ya kufuli, sahani au pini imelika.

SPEA, MAFUTA NA FUNDI

Lori lililosimama halilipi mkopo. Kabla ya kuchagua jina, mnunuzi na aulize swali hili katika gereji za Makutano mjini Meru, za Embu na za Isiolo: ni malori gani mnayoyatengeneza kila wiki? Majibu yake yana thamani kuliko matangazo yote.

Majina yanayoonekana sana katika barabara za Kenya ni Mercedes-Benz, Scania, MAN, Volvo, DAF, Isuzu, Mitsubishi Fuso, UD, Tata, na yale ya kutoka Uchina kama Howo, FAW na Shacman. Yote yana wanaoyasifu na wanaoyalaumu. La muhimu si jina, ila ni kama spea zake zinapatikana leo katika umbali wa saa chache, na kama yupo fundi aliye na kompyuta ya kusoma hitilafu zake.

Injini za kisasa zaidi huhitaji maji ya urea kusafisha moshi. Kiowevu hicho kikikosekana au kikitiwa cha bandia, kompyuta hupunguza nguvu ya injini, pengine katikati ya mwinuko. Anayenunua lori la aina hiyo ahakikishe kwamba anajua pa kukinunua njia nzima.

Kuhusu dizeli, lori la tani 50 hutembea takriban kilomita 2 hadi 2.5 kwa lita likiwa na mzigo. Safari ya kwenda na kurudi kati ya Meru na Mombasa inazidi kilomita 1,400. Mwenye lori afanye hesabu hiyo kwa bei ya siku anaposoma makala haya, aongeze tairi, dereva, bima na mkopo, kisha alinganishe na nauli ya mzigo anayolipwa. Iwapo lori hurudi tupu, hesabu nyingi hugoma.

KUKAGUA NA KUNUNUA

Anayeagiza lori lililotumika kutoka ng'ambo ajue kwamba usukani lazima uwe wa kulia. Masharti ya umri na ya aina za malori yanayoruhusiwa kuingizwa nchini na ayaulize kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) kabla ya kutuma hata shilingi.

Anayenunua humu nchini athibitishe hati ya umiliki kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), si kwa nakala aliyopewa na dalali. Trela husajiliwa peke yake, ina hati yake na nambari yake inayoanza kwa herufi Z. Wapo walionunua kichwa na trela pamoja, wakagundua baadaye kwamba hati waliyopewa ni ya kichwa tu. Vilevile bima ya kichwa isidhaniwe kuwa ni bima ya trela; mnunuzi aisome.

Kisha lori lijaribiwe, na lisijaribiwe likiwa tupu. Mnunuzi asisitize kupata trela yenye mzigo halali na mwinuko wa kweli, hata kama atalipia mafuta. Katika jaribio hilo atazame mambo haya:

- Hewa ya breki hujaa kwa muda gani, na je, hushuka injini ikizimwa?
- Lori linaweza kuondoka kutoka katikati ya mwinuko bila klachi kunuka?
- Breki ya injini au ritada pekee inaweza kulishikilia lori kwa mwendo mmoja katika mteremko, bila kukanyaga pedali?
- Joto la injini hupanda mpaka wapi baada ya mwinuko mrefu, na baada ya kutumia ritada?
- Baada ya mteremko, je, kuna gurudumu ambalo ngoma yake ina moto kuliko nyingine, au ni baridi kabisa? Ngoma baridi haikufanya kazi.

Muuzaji akikataa jaribio hilo, amejibu swali.

DEREVA NDIYE BREKI YA MWISHO

Hakuna kichwa kinachomwokoa dereva anayeteremka akiwa ameweka gia huru ili kuokoa dizeli. Desturi hiyo huinyima injini nafasi ya kulizuia lori na kuziachia ngoma za breki kazi yote. Isitoshe, haina hata akiba: katika injini za kisasa, lori likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, dizeli hukatwa kabisa.

Kanuni ya wazee wa barabara ni kwamba mteremko hushukwa kwa gia ile ile inayofaa kuupandia, au ya chini yake, na gia hiyo huingizwa juu kabla ya kuanza kushuka. Anayeingoja katikati amechelewa.

Dereva wa trela lazima awe na leseni ya daraja la CE. Sheria ya Trafiki pia inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Kutoka Mombasa hadi Meru ni zaidi ya kilomita 700. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni saa 14. Mwenye lori anayetaka mzigo ufike kesho yake asubuhi anahitaji madereva wawili, au anamwomba mmoja avunje sheria na kufika mabonde ya Thuci na Nithi alfajiri akiwa na usingizi.

Watu wengi huweka shamba au nyumba rehani ili kununua lori la kwanza. Ni haki yao kutaka lenye nguvu, lenye rangi nzuri na bei nafuu. Lakini mali hiyo yote, pamoja na uhai wa dereva, wa utingo wake na wa abiria waliomo katika matatu iliyo mbele yao, itategemea dakika chache za kushuka bondeni. Mnunuzi akague dakika hizo kwanza, kisha ndipo aulize bei.